Kadi ya chama na mkataba wa wiki sita: jibu kwa msomaji anayefanya kazi za filamu Uingereza

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, kwa sasa naishi Uingereza, na nimepata kazi ya msaidizi katika idara ya kamera kwa mkataba wa wiki sita. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya televisheni kwa miaka mingi ameniambia kwamba bila kadi ya chama cha wafanyakazi sitagusa kamera nchi hii. Vijana ninaofanya nao kazi wanasema vyama vilikufa zamani. Nani nimwamini? Mtu wa wiki sita chama kitamfaa nini? Na kama vyama vipo, mbona mwaka 2023 waigizaji wa hapa hawakugoma pamoja na wenzao wa Marekani?

Jibu: Ndugu msomaji, mzee wako hakukudanganya, ila anakueleza Uingereza ya kabla ya mwaka 1990. Tangu Sheria ya Ajira ya mwaka huo, mwajiri haruhusiwi kukunyima kazi kwa sababu si mwanachama wa chama cha wafanyakazi, na kwa kifungu hichohicho haruhusiwi kukunyima kazi kwa sababu wewe ni mwanachama. Kwa hiyo utaigusa kamera bila kadi. Lakini vijana wenzako nao wamekosea wanaposema vyama vimekufa, kwa sababu saa unazofanya kazi, mapumziko unayopata usiku na malipo ya likizo yatakayoingia katika hati yako ya mshahara kwa sehemu kubwa yalipiganiwa na vyama hivyohivyo. Kilichobadilika ni mahali nguvu ya chama ilipo. Zamani ilikuwa mlangoni, katika kuamua nani aajiriwe. Siku hizi imo katika maandishi ya mkataba na katika sheria, na asiyeyasoma maandishi hayo hupita karibu na haki yake asiione.

Tuanze na kadi yenyewe. Mwaka 1933 mafundi wa studio za filamu za London waliunda chama kilichofahamika kwa kifupi kama ACT. Miaka hiyo studio zilikuwa na kazi nyingi, kwa kuwa sheria ya mwaka 1927 ilivilazimisha vyumba vya sinema kuonyesha kiasi fulani cha filamu za Uingereza ili kuzuia zile za Marekani zisifunike soko zima. Matokeo yake yalikuwa filamu nyingi za bei rahisi zilizotengenezwa mbiombio, na mafundi walioshinda na kukesha studioni bila malipo ya muda wa ziada. Chama kilipata katibu mkuu hodari, George Elvin, aliyekiongoza hadi mwaka 1969, na kuanzia mwaka 1937 rais wake alikuwa mwongozaji wa filamu Anthony Asquith, mtoto wa aliyekuwa waziri mkuu. Asquith alidumu katika nafasi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1968. Nalitaja hilo kwa sababu linaonyesha sura ya pekee ya chama hiki: mwongozaji mwenye jina kubwa na kijana wa kubeba makasha ya lenzi walikuwa wanachama wa chama kimoja, tofauti na Hollywood, ambako kila kada ilikuwa na chama chake. Hata hivyo hawakuwa peke yao studioni. Mafundi umeme walikuwa na chama chao, na maseremala, wapaka rangi na wahudumu wa majumba ya sinema walikuwa na kingine, NATKE, ambacho mizizi yake ni wafanyakazi wa majukwaa ya maigizo wa mwaka 1890. Waigizaji walikuwa na Equity tangu 1930, na wanamuziki walikuwa na chama chao tangu 1893.

Televisheni ya kibiashara, ITV, ilipoanza mwaka 1955, ACT ilijipanua kuipokea na mwaka uliofuata ikabadili jina kuwa ACTT. Hapo ndipo kadi ilipopata nguvu anayoikumbuka mzee wako. Kampuni za ITV hazikuwa na mshindani wa matangazo ya biashara katika televisheni. Dakika ya tangazo iliyopotea leo haiuziki kesho, kwa hiyo mgomo wa saa chache uliwagharimu wenye kampuni kuliko nyongeza ya mishahara iliyokuwa ikidaiwa. Wakawa wanakubali haraka, na miongoni mwa mambo waliyoyakubali ni kwamba kazi za ufundi zitapewa wanachama tu. Kijana aliyetaka kuingia alikutana na kizingiti kigumu: hupati kazi bila kadi, na hupati kadi bila kuwa na kazi.

Kilele cha nguvu hiyo kilikuwa mwaka 1979. Kuanzia tarehe 10 Agosti hadi tarehe 24 Oktoba, karibu mtandao wote wa ITV ulinyamaza kutokana na mgogoro wa mishahara. Visiwa vya Channel pekee ndivyo vilivyoendelea kurusha matangazo, kwa kuwa kituo chao kilikuwa kidogo mno kuhimili mgogoro. Kwingineko watazamaji wa ITV waliwasha televisheni na kukuta maandishi ya kuomba radhi tu. Wafanyakazi walirudi kazini na nyongeza nzuri.

Naamini, hata hivyo, kwamba anayeusifia utaratibu wa kadi bila kueleza ubaya wake hamtendei haki msomaji kama wewe. Mlango uliolindwa na wanachama uliwafungulia kwanza watoto, wapwa na majirani wa wanachama. Mwaka 1975 ACTT yenyewe ilichapisha uchunguzi mrefu kuhusu ubaguzi dhidi ya wanawake katika filamu na televisheni, ulioonyesha jinsi walivyorundikwa katika kazi chache za malipo madogo huku idara kama za kamera na sauti zikiwa za wanaume. Chama kujichunguza hadharani namna hiyo ni jambo la kuheshimiwa, lakini uchunguzi haukubadili mlango kwa siku moja, na wahamiaji wa Afrika, Asia na Karibi pamoja na watoto wao walibaki nje vilevile.

Jambo lililofungua dirisha kwa baadhi yao, cha ajabu, lilitoka ndani ya chama hichohicho. Channel 4 ilianza kurusha matangazo Novemba 1982, na mwaka huohuo ACTT ilifikia mapatano na kituo hicho pamoja na taasisi ya filamu ya taifa, BFI, kuhusu vikundi vidogo vya utengenezaji filamu. Kikundi kilichokidhi masharti, ambacho wanachama wake walifanya kazi kwa kudumu na kulipwa mshahara sawa, kiliruhusiwa kutengeneza filamu kwa watu wachache kuliko idadi ambayo chama kilikuwa kikidai studioni, na filamu zake zilionyeshwa kwenye televisheni bila pingamizi la chama. Kupitia mlango huo vilipita vikundi vya Waingereza weusi kama Sankofa, Ceddo na Black Audio Film Collective, ambako John Akomfrah, mzaliwa wa Accra, alianzia kazi yake. Watafiti wengi wa filamu husimulia habari za vikundi hivi kana kwamba vilizuka kwa vipaji peke yake. Vipaji vilikuwepo, lakini vililipiwa mshahara wa kila mwezi kwa sababu viongozi wa chama waliketi mezani na kuandika masharti yaliyouwezesha.

Kuanguka kwa utaratibu wa zamani kulikuwa kwa haraka. Mwaka 1987, katika mkutano ulioitishwa Downing Street, waziri mkuu Margaret Thatcher aliishambulia televisheni kuwa ngome ya mwisho ya taratibu za kizamani za kazi. Miezi michache baadaye, Novemba, mafundi wa kituo cha asubuhi cha TV-am waligoma kwa saa 24, na walipotaka kurudi walikuta wamefungiwa nje. Menejimenti iliendesha kituo kwa kurusha vipindi vya zamani vya Marekani na kuwaweka makarani nyuma ya kamera, na Februari 1988 mafundi 229 wakafukuzwa kazi. Waajiri wengine waliona kwamba jambo hilo linawezekana. Kisha ikaja ile sheria ya 1990 ya ajira, na mwaka huohuo Sheria ya Utangazaji iliyoagiza BBC na ITV kununua angalau robo ya vipindi vyao, kwa aina zilizoainishwa, kutoka kwa watayarishaji wa nje.

Watu wengi humlaumu Thatcher na sheria za migomo kwa kudhoofika kwa vyama vya filamu na televisheni. Mimi naona uzito mkubwa zaidi uko katika hilo agizo la robo. Sheria za migomo zilimfunga mfanyakazi mikono, lakini agizo lile lilimwondoa mwajiri. Kampuni kubwa iliyokuwa na maelfu ya waajiriwa wa kudumu, kantini, ofisi ya chama na mwenyekiti wa tawi, iligawanyika kuwa mamia ya kampuni ndogo, na mafundi waliokuwa waajiriwa wakawa watu wa kujitegemea wanaohama kutoka kazi moja hadi nyingine. Kwa filamu na tamthilia hali ni ngumu zaidi, kwa sababu kila utayarishaji huandikishiwa kampuni yake maalumu inayoajiri watu wote, na baada ya kazi kukamilika haiajiri tena mtu. Sheria ya mwaka 1999 inampa mfanyakazi njia ya kumlazimisha mwajiri akitambue chama, lakini ni kwa mwajiri mwenye wafanyakazi wasiopungua 21, na taratibu zake huchukua miezi. Mkataba wako ni wa wiki sita. Kabla barua ya kwanza haijajibiwa, mwajiri wako atakuwa hayupo.

Vyama viliitikia kwa kuungana. ACTT iliungana na BETA, chama cha wafanyakazi wa utangazaji na burudani, mwaka 1991 kuunda BECTU, ambacho tangu Januari 2017 ni sehemu ya chama kikubwa cha Prospect na siku hizi huandika jina lake Bectu. Hicho ndicho chama cha watu wa idara yako. Watayarishaji nao waliunda umoja wao, Pact, na kati ya pande hizi mbili ndipo hupatikana makubaliano ya pamoja, yaani kile ambacho Watanzania hukiita mkataba wa hali bora, yanayohusu tasnia nzima badala ya mwajiri mmoja. Kwa kuwa mwajiri ni wa kupita, masharti yanaandikwa juu yake, katika ngazi ya umoja wa waajiri, kisha kila kampuni inayozaliwa inayarithi kama itakubali kuyaandika katika mikataba yake. Hapo kwenye "kama" ndipo penye kazi yako. Makubaliano haya si sheria, hujadiliwa upya, na huwa kuna vipindi ambapo ya zamani yamekwisha na mapya hayajasainiwa. Katika vipindi visivyo vya maigizo, kama mashindano na maisha halisi, ulinzi wa namna hii umekuwa mdogo sana kwa miaka mingi. Usikisie, bali uliza kwa maandishi: mkataba huu unafuata makubaliano yapi?

Nikuonyeshe kwa nini swali hilo lina uzito. Utaratibu uliozoeleka katika tamthilia ni siku ya saa kumi za kazi na saa moja ya mlo. Karatasi ya ratiba ya siku ikisema kikosi kifike saa moja asubuhi, kazi inatarajiwa kufungwa saa kumi na mbili jioni, na kinachozidi ni muda wa ziada. Lakini msaidizi wa kamera huja kabla ya wengine kufungua makasha na hubaki baada ya wengine kufuta lenzi na kukabidhi kadi za kumbukumbu, na dakika hizo za mwanzo na mwisho ndizo zinazopotea bila kulipwa pale mkataba unapokaa kimya. Halafu kuna usiku. Kanuni za Muda wa Kazi za mwaka 1998 zinampa mfanyakazi mapumziko ya saa kumi na moja mfululizo, kwa hiyo aliyefunga kazi saa nne usiku asiitwe kabla ya saa tatu asubuhi. Hata hivyo kanuni hizohizo zinaitaja kazi ya kutengeneza filamu na televisheni miongoni mwa zile zinazoweza kuondolewa katika sharti hilo pale ambapo kazi haiwezi kukatizwa, ilimradi mfanyakazi afidiwe mapumziko mengine. Sheria, basi, imeacha pengo palepale unapofanyia kazi wewe, na makubaliano ya pamoja ndiyo yanayoliziba kwa kuweka bei juu ya kila saa ya usingizi inayokatwa. Bei hiyo ndiyo inayomfanya mtayarishaji afikiri mara mbili. Mtu aliyefanya kazi saa kumi na nne kisha akashika usukani kwenda nyumbani yuko hatarini, na hilo halihitaji mjadala.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo jibu la swali lako la pili. Kanuni hizo za 1998 zilipotungwa, serikali iliweka sharti kwamba haki ya likizo yenye malipo itaanza tu kwa mtu aliyekaa kwa mwajiri mmoja wiki 13 mfululizo. Kwa mfanyakazi wa benki sharti hilo halikuwa kitu. Kwa mpiga picha, msusi wa seti au mhariri anayefanya wiki sita hapa na wiki tisa pale, lilimaanisha angeweza kufanya kazi mwaka mzima, na miaka yote ya maisha yake, asipate hata siku moja ya likizo ya kulipwa. BECTU iliishtaki serikali. Mahakama Kuu ya London ikapeleka swali Luxembourg, na tarehe 26 Juni 2001 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua, katika shauri namba C-173/99, kwamba likizo yenye malipo ni haki ya kila mfanyakazi na nchi haiwezi kuiwekea sharti linalowafungia nje wengine. Serikali ilirekebisha kanuni mwezi Oktoba mwaka huohuo.

Faida ya uamuzi huo haikuishia studioni. Wauguzi wa muda, wachuma matunda, wahudumu wa hoteli, walinzi wa zamu, na miongoni mwao wahamiaji wengi kutoka Afrika Mashariki, wanahesabiwa likizo tangu siku ya kwanza ya kazi kwa sababu ya kesi iliyofunguliwa na chama cha watu wa filamu. Uingereza imetoka katika Umoja wa Ulaya na haki hiyo bado imo katika sheria zake.

Kwa hiyo wewe wa wiki sita una likizo. Haki ya mwaka mzima ni wiki 5.6, na kwa mikataba mifupi kiwango kinachotumika sana ni nyongeza ya asilimia 12.07 juu ya mshahara wa msingi. Tuseme umeahidiwa pauni 600 kwa wiki. Kama hizo ni za msingi, juu yake zinaongezwa pauni 72.42 kila wiki, ambazo kwa wiki sita ni pauni 434.52. Kama barua ya ajira inasema pauni 600 "pamoja na likizo", mshahara wako halisi ni pauni 535.38, na pauni 64.62 ndiyo likizo. Kazi hizo mbili zinatangazwa kwa bei moja lakini zinatofautiana kwa zaidi ya pauni mia nne. Angalia pia hati ya mshahara: likizo iandikwe katika mstari wake yenyewe.

Kuhusu mwaka 2023, waigizaji wa hapa hawakuwatupa wenzao. Tangu 1990 sheria ya Uingereza inakataza mfanyakazi kugoma kwa ajili ya mgogoro wa mwajiri mwingine. Mwanachama wa Equity aliyekuwa na mkataba wa Equity angegoma kuwaunga mkono wenzake wa SAG-AFTRA, chama cha waigizaji wa Marekani, angevunja mkataba wake bila kinga yoyote, na chama chake kingedaiwa fidia mahakamani. Ndiyo maana utayarishaji uliowategemea waigizaji wenye mikataba ya Uingereza uliendelea, hata ule wa fedha za Marekani, na ule uliowategemea waigizaji wenye mikataba ya Marekani ulisimama kuanzia Julai hadi Novemba. Machungu yalivuka bahari hata hivyo. Bectu ilipowauliza wafanyakazi wa filamu na televisheni Septemba mwaka huo, karibu robo tatu walisema hawana kazi. Tasnia iliyojengwa juu ya fedha za studio za Los Angeles ilisimamishwa na mgogoro ambao mafundi wa studio za hapa za Pinewood na Leavesden hawakuwa na kura ndani yake. Mwaka huo mgomo wa nyumbani nao ulikuwa na vizingiti: kura ilipaswa kupigwa kwa posta, na Sheria ya mwaka 2016 iliweka sharti kwamba angalau nusu ya wanaostahili kupiga kura washiriki. Kuwafikia kwa barua watu wanaohama kila wiki chache ni kazi nzito, na kwa maoni yangu sharti la posta liliwaumiza watu wa kada yako kuliko wafanyakazi wengine wowote.

Nimalizie na mambo ya kutenda wiki hii. Kuwa mhamiaji mwenye ruhusa ya kufanya kazi hakukuzuii kujiunga na chama, na kanuni za mwaka 2010 zinapiga marufuku orodha za siri za wanachama zinazotumiwa kuwanyima watu kazi. Ada ya Bectu hutegemea kipato, na wanaoanza kazi huwa na kiwango chao cha chini. Ukiona umepunjwa, anza na meneja wa utayarishaji kwa barua pepe yenye tarehe na saa ulizofanya, ukiambatanisha karatasi za ratiba za siku husika. Ikishindikana, hatua ya lazima kabla ya mahakama ya ajira ni usuluhishi wa Acas, taasisi ya umma ya kusuluhisha migogoro ya kazi, na jiwekee kwamba muda wako ni miezi mitatu kasoro siku moja tangu kosa litendeke, maana mwenye kuchelewa hukataliwa hata kama ana haki. Na usisubiri tatizo ndipo ujiunge, kwa kuwa vyama kwa kawaida havichukui kesi ya jambo lililoanza kabla mtu hajawa mwanachama.